Chozi wa Zombo: Ndege Mdogo wa Kwenye Maua

Chozi ni ndege mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda, anayeishi kwa kunywa maji matamu ya maua na kula wadudu.  Mazungumzo ya leo ni juu ya ndege huyo. Itaelezwa kwanza namna ya kumtambua, kisha yatafuata maisha yake: anavyokula, anavyoimba, anavyogombana, anavyojenga na anavyolea.

Ni nani wa Zombo, wilayani Kilosa, ambaye hajawahi kumwona? Asubuhi, mtu akiwa uani anapiga mswaki, kandege kanatua kwenye ua la mgomba, kanainama, kanachomeka mdomo, kanaruka na kwenda ua la pili. Watoto humwita kandege tu, wengine humwita chiriku, wengine shomoro, kwa kuwa kinachoonekana kwanza ni udogo wake. Lakini chiriku ni ndege mwingine, na shomoro ni mwingine. Tofauti yao wala haihitaji kutafutwa mbali. Iko mdomoni.

Chiriku, shomoro, kwera na mnana ni wala punje. Midomo yao ni mifupi na minene, mithili ya koleo la kubangulia. Shore, yule ndege wa kahawia mwenye kichwa cheusi na manyoya ya njano chini ya mkia, ana mdomo wa wastani, wa kula matunda na wadudu. Chozi yeye ana mdomo kama shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia: mwembamba, wenye ncha kali, na umepinda kuelekea chini. Mwenye macho mazuri akiuona mdomo huo hahitaji kuona rangi yoyote. Jambo hili lishikwe vizuri, maana litarudiwa mbele: mdomo kwanza, rangi baadaye.

Ndani ya mdomo huo kuna ulimi mrefu. Kingo zake zimejikunja zikafanya kama mrija, na ncha yake imegawanyika. Kwa ulimi huo chozi hunyonya mbochi, yaani yale maji matamu yanayokaa chini kabisa ya ua, mahali ambapo mdomo wa shomoro hauwezi kufika hata kidogo.

Hapa kuna kosa moja la kusahihisha. Katika televisheni na simu huonyeshwa ndege wadogo wa Amerika wanaoelea hewani mbele ya ua, mabawa yakivuma kama ya nyuki. Watu wengi wakimwona chozi hudhani ndiye yule. Sivyo. Ndege wale hawapo Afrika kabisa, wala si ndugu wa karibu wa chozi. Wamefanana kwa sababu kazi yao ni moja, kama jembe la Kilosa na jembe la Brazili yanavyofanana ingawa wahunzi wake hawajawahi kuonana. Na hata katika kazi hiyo moja wanatofautiana. Chozi anaweza kuelea kwa nukta chache, lakini desturi yake ni kutua. Hushika kikonyo cha ua kwa kucha zake, hujipinda, mara nyingine huning'inia kichwa chini miguu juu, ndipo anapochomeka mdomo. Kwa hiyo atazamwe miguuni: je, ameshika kitu? Kama ameshika, huyo ni chozi akiwa mezani kwake.

Ni maua gani anayoyapenda? Zaidi ni yale marefu yenye umbo la bomba, hasa mekundu, ya rangi ya chungwa au ya njano. Mwamba ngoma unapochanua maua yake mekundu, chozi huujaa. Shubiri likisimamisha ua lake huko kwenye mawe, hulifuata. Ua la mgomba, lile linaloning'inia kama moyo wa zambarau, ni lake msimu mzima. Na kwa kuwa Kilosa ni wilaya iliyokuwa ya mashamba ya mkonge kwa miaka mingi, lisisahauliwe ua la mkonge. Mkonge huchanua mara moja tu katika uhai wake, kisha hufa. Unapotoa mlingoti wake mrefu na maua yakafunguka huko juu, mlingoti huo mmoja unaweza kukutanisha chozi wa aina tatu au nne asubuhi moja. Anayetaka kujifunza kuwatofautisha hana darasa bora kuliko hilo.

Kuna mmea mwingine unaostahili kutazamwa kwa makini. Ni ile mimea inayoota juu ya matawi ya miti mingine, kwenye mchungwa, kwenye mwembe au porini kwenye miombo, ikinyonya maji ya mti ulioibeba. Mkulima huichukia, na ana haki. Lakini maua yake yana jambo la ajabu. Ua lililokomaa hukaa limefungwa, jembamba kama njiti ya kiberiti, na kichwa chake kimetuna. Halifunguki lenyewe kwa urahisi; linasubiri kuguswa. Chozi anapolibana kidogo kwa ncha ya mdomo, ua hufyatuka ghafla kama mtego, na vumbi la chavua humrukia usoni. Hunywa mbochi wake, kisha huondoka na chavua kwenye paji la uso hadi ua la mti wa pili. Hivyo ndivyo mmea huo unavyopata mbegu. Na mbegu zikishaiva, mwingine huzibeba, zuwakulu mdogo, ambaye hula tunda na kuiacha mbegu ikiwa imenata kwenye tawi jipya. Chozi hufungua ua, zuwakulu hupanda mbegu.

Je, maji matamu peke yake yanatosha kumlisha ndege? Hayatoshi. Mbochi ni sukari. Unampa nguvu ya kuruka, lakini haujengi nyama wala manyoya. Kwa hiyo chozi hula pia wadudu wadogo, na zaidi ya yote hula buibui. Huonekana akinyofoa buibui katikati ya utando, au akipekua chini ya majani na kwenye nyufa za maganda. Makinda wake hulishwa hasa vitu hivyo. Mkulima anayedhani chozi anakuja kuharibu maua ya bustani yake atazame vizuri: mara nyingi ndege huyo anawaokota wadudu.

Udogo wake nao utajwe. Chozi mwenye koo la kijani na tumbo la njano, ambaye atakuja kuelezwa, ana uzito wa karibu vijiko viwili vya chai vya sukari. Mkubwa zaidi miongoni mwa wale wanaoonekana sana Zombo hapiti sana gramu 15. Kijana mwenye manati anayemwangusha chozi hapati hata tonge moja la nyama; anachopata ni kuunyamazisha mti uliokuwa ukiimba.

Sasa rangi. Na hapa ndipo wengi wanapopotea. Mtu huona ndege wa kijani kinachometameta kama kopo jipya; dakika moja baadaye ndege huyohuyo ametua kivulini na amekuwa mweusi. Je, amebadilika? Hajabadilika. Kile kijani hakikupakwa kwenye manyoya kama kanga inavyotiwa rangi. Kinatokana na tabaka nyembamba mno ndani ya nyoya, zinazopokea mwanga wa jua na kuurudisha kwa rangi moja, kama mafuta ya taa yanavyotoa rangi za upinde wa mvua yakimwagika juu ya maji. Jua likiwa upande wa mtazamaji, rangi huwaka. Jua likiwa nyuma ya ndege, rangi huzimika. Kwa sababu hiyo, anayemtazama chozi asimame jua likiwa mgongoni kwake, naye asubiri. Ndege hukaa mahali pamoja nukta chache tu, lakini akishalipata ua zuri hurudi tena na tena.

Duniani kuna aina zaidi ya 130 za chozi, Afrika, Asia hadi Australia. Kwa mtu wa Zombo hesabu hiyo isimtishe. Kandokando ya nyumba, mashambani na kwenye pori linaloelekea Mikumi, wachache wakijulikana vizuri inatosha kuanzia.

Wa kwanza ni chozi mwenye kifua chekundu. Huyu ni mkubwa miongoni mwao, na ndiye anayejionyesha zaidi. Dume mwili wake ni mweusi wa kahawia, laini kama mahameli; utosi na kidevu ni vya kijani kinachong'aa; na kifuani kuna bamba jekundu linaloonekana hata kutoka ng'ambo ya barabara. Wekundu huo haulitegemei jua sana kama kijani kinavyolitegemea, kwa hiyo hata siku ya mawingu hajifichi. Akikaribia, huonekana vimistari vya buluu ndani ya ule wekundu. Carl Linnaeus wa Sweden alimpa jina la kisayansi mwaka 1766, akamwita kwa jina la Senegali, lakini ndege huyu makazi yake yameenea kutoka huko hadi Afrika Mashariki na Kusini.

Wa pili hufanana naye, ila hana wekundu. Kwa mbali ni mweusi mtupu. Jua likimpata, utosi huwaka kijani na koo huwaka zambarau. Mtu akisema ameona chozi mweusi, aulizwe kwanza: kifua kilikuwaje, na jua lilikuwa upande gani?

Wa tatu na wa nne ndio wanaowachanganya watu, maana wote wawili wana tumbo la njano. Mmoja mgongo wake ni wa kijani chenye buluu, na kifuani ana zambarau pana. Huyo hupenda vichaka vya wazi, mashamba yaliyoachwa na bustani. Mwingine ni mdogo zaidi, kijani chake ni cha dhahabu kidogo, na kati ya kijani cha koo na njano ya tumbo kuna ukanda mwembamba wa zambarau, kama uzi uliofungwa shingoni. Huyo hupenda ukingo wa misitu na miti iliyosongamana kando ya mito. Je, kama zambarau haikuonekana vizuri? Hapo kirudi kile kilichosemwa mwanzo: mdomo kwanza. Yule wa msituni mdomo wake ni mfupi, karibu haujapinda, kwa sababu muda mwingi yeye hutafuta wadudu kwenye majani. Akitaka mbochi wa ua refu asilolifikia, hulitoboa ubavuni na kunywa kwa kupitia tundu hilo, bila kugusa chavua. Kwa lugha ya mkulima, anavuna bila kupalilia.

Na kama mdomo nao haukuonekana, atafutwe jike. Hili ni jambo ambalo watazamaji wengi hulidharau, na ni kosa kubwa. Watu humtazama dume kwa kuwa anang'aa, na humpita jike kana kwamba si kitu. Lakini majike ndio wanaotoa jibu. Jike wa yule wa msituni ana mgongo wa kijani unaong'aa kama wa dume, na njano yake huanzia kooni hadi tumboni. Jike wa yule wa vichakani hana mng'aro hata kidogo. Mgongo wake ni wa kijivu cha kahawia, na tumbo lake lina njano iliyofifia. Wakisimama pamoja hakuna wa kuwachanganya. Vivyo hivyo kwa wale wawili weusi: jike wa mwenye kifua chekundu ni wa kahawia nzito, tumbo lake limejaa madoadoa na mistari, na juu ya jicho hana mstari. Jike wa yule mwenye koo la zambarau ana mstari mweupe juu ya jicho, kama nyusi. Kwa hiyo swali la kujiuliza mbele ya jike wa kahawia ni moja: ana nyusi, au hana?

Msikilizaji anayetazama milima kutoka Kilosa ajue kwamba huko juu kuna chozi ambao hawapatikani kwingine popote duniani isipokuwa katika milima hii ya Tanzania. Misitu ya Nguru, Ukaguru na Rubeho ina chozi wa Moreau, aliyeandikwa kisayansi mwaka 1933 na kupewa jina la Reginald Moreau, mtaalamu aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani huko Usambara. Uluguru ina chozi wa Loveridge, aliyepewa jina mwaka 1922 kwa heshima ya Arthur Loveridge, mtumishi wa idara ya wanyamapori ya Tanganyika ambaye alikusanya viumbe wengi sehemu za Kilosa na Morogoro. Na huko Udzungwa, katika msitu wa Mwanihana, mwaka 1981 alionekana chozi mwenye mabawa ya rangi ya kutu ambaye hakuna mwanasayansi aliyekuwa akimjua. Aliandikwa mwaka 1983. Miaka hiyo si ya zamani. Wazee wengi wanaosikiliza leo walikuwa tayari na watoto wakati ndege huyo alipoingizwa vitabuni. Ndege hawa wa milimani hawashuki mpaka Zombo, kwa hiyo anayeona chozi kwenye mgomba wake asianze kumtafuta katika orodha hiyo.

Sauti nayo ni ya kujifunza. Dume mwenye kifua chekundu hupanda juu kabisa, kwenye ncha ya mti mkavu au kwenye waya wa umeme, akatoa mlio wake noti moja moja, wazi na kali, akaurudia kwa muda mrefu bila kuchoka. Si wimbo wenye madoido. Uhodari wake ni kudumu. Wadogo wenye matumbo ya njano huimba upesi zaidi, kama maji yanayochuruzika, na wimbo wao ni hafifu. Mlangoni mwa mashine ya kusaga hausikiki.

Wimbo huo ni wa kumwita jike, lakini pia ni tangazo la mipaka. Chozi ni mgomvi kuliko umbo lake. Akishaupata mti uliochanua huuhesabu kuwa wake, akawafukuza chozi wengine mmoja mmoja kutwa nzima. Wenye bodaboda hili wanalijua: pikipiki ikiegeshwa chini ya mti, chozi huja akatua kwenye kioo cha pembeni, akakidonoa, akaruka, akarudi tena. Watu wengine husema ndege anajipamba. Hajipambi. Anaona dume mwingine ndani ya kioo na anamtaka aondoke. Na kwa kuwa yule wa kiooni haondoki, ugomvi hauishi mpaka mwenye pikipiki apige kiki. Maua yakipukutika, mipaka hiyo nayo huvunjika, na chozi huhama kufuata kunakochanua.

Sasa kiota, na hapa jike anastahili kupewa muda. Yeye ndiye fundi. Dume humfuata huku na huko, huimba karibu, lakini kazi ya kujenga ni ya jike. Huanza kwa kukusanya utando wa buibui, akauzungusha kwenye ncha ya tawi linaloning'inia, kwenye waya, au kwenye upenu wa nyumba. Kwa nini utando wa buibui? Kwa sababu hunata, una nguvu, na hunyumbuka. Makinda wakikua na kusukumana, kiota hutanuka bila kupasuka. Kisha huongeza majani makavu, nyuzi za nyasi na vipande vya maganda, akavishikiza kwa utando huohuo. Umbo lake huwa kama mfuko mrefu unaoning'inia, na mlango uko ubavuni karibu na juu. Mara nyingi juu ya mlango hutokeza kibaraza kidogo cha kuzuia mvua. Ndani hutandikwa sufi na manyoya. Kwa nje huachwa vikining'inia vijani na takataka, mpaka kiota kionekane kama uchafu ulionaswa tawini. Wapita njia hupita chini yake kila siku wasijue.

Kuna hila nyingine. Kiota cha chozi mwenye kifua chekundu mara nyingi hukutwa jirani na mzinga wa nyigu. Nyigu wamemzoea, lakini anayetaka kupanda mti huo kuiba mayai, awe tumbili au mtoto, atawakuta nyigu kwanza.

Mayai kwa kawaida ni mawili. Jike huyaatamia peke yake kwa muda wa wiki mbili hivi, akitoka mara kwa mara kwenda kunywa mbochi. Makinda wakishaanguliwa, dume naye huleta chakula, na hapo buibui huliwa wengi sana. Baada ya wiki mbili hadi tatu makinda huruka, lakini kwa siku kadhaa za mwanzo huweza kurudi kulala ndani ya kiota wakati wa magharibi.

Si kila mlezi hulea wake. Kuna kekeo mdogo mwenye mgongo wa kijani, ambaye François Levaillant, msafiri Mfaransa wa karne ya 18, alimpa jina la Klaas, Mkhoikhoi aliyekuwa akimsaidia safarini. Ndege huyo hajengi kiota. Huvizia jike wa chozi ametoka, akaingiza yai lake humo. Kinda wa kekeo akianguliwa, wana wa mwenye nyumba hawaponi. Basi huonekana jambo la kuhuzunisha na la kustaajabisha kwa pamoja: chozi mwenye uzito wa vijiko viwili vya sukari akimlisha kinda anayemzidi mwili, akisimama ukingoni mwa kiota na kuchomeka buibui katika kinywa kilichofunguka wazi.

Limebaki jambo moja la utambuzi, linalowasumbua hata wazoefu. Wakati fulani huonekana chozi wa kahawia mwenye madoadoa tumboni kama jike wa kifua chekundu, lakini kooni ana doa jekundu, dogo kama ukucha. Si jike, wala si aina mpya. Ni dume kijana, aliyetoka kiotani miezi michache iliyopita, na wekundu wake umeanza kuota. Kila akionekana kwenye mgomba uleule doa limeongezeka kidogo, mpaka asubuhi moja apande kwenye waya wa umeme, juu kabisa, aanze kujaribu noti moja moja.